Wanasesere Waliovaa Koti la Mwanangu

Vidole vya mwanasesere wa kale huvunjika upesi kuliko mtu anavyodhani. Plastiki yake imekauka kwa miaka mingi, na ukimvisha koti kwa pupa, kidole kinabaki ndani ya mkono wa nguo kama punje ya mchele. Kwa hiyo kabla ya kumvisha nilikuwa namfunga kiganja kwa kipande cha karatasi laini ya mkate. Namwingiza taratibu, mkono unateleza mpaka mwisho, halafu naivuta karatasi nje. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuogopa, maana wanasesere hawakuwa wangu.

Walikuwa wanane, wote askari, warefu kama kutoka kiwiko changu hadi kifundo cha mkono, wenye magoti na viwiko vya kukunjika. Mwenye mali ni bibi mmoja wa hapa Voi, mtu wa asili ya pwani, ambaye jamaa zake wamekuwa na duka la vyombo karibu na soko tangu nikiwa kijana. Baba yake alinunua vitu vya nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, meneja alipofunga virago kurudi kwao, na ndani ya sanduku moja wakatokea askari hao na makoti yao, kofia na buti. Bibi alikuwa msichana mdogo. Kaka zake walipigana vita nao uani mchana kutwa, na jioni yeye ndiye aliyewaokota vumbini na kuwalaza. Sasa kaka zake wote wametangulia. Askari wamebaki kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta, nguo zimeliwa na nondo, vifungo vimeacha madoa ya kutu, buti nyingine zimepasuka na nyingine zimeyeyuka zikanata kama ulimbo.

"Mwalimu," aliniambia siku aliponiita, "mie sitaki wameremete. Wakimeremeta watakuwa wageni kwangu. Nataka wabaki wazee wenzangu, ila wasitiriwe."

Naitwa Mwalimu kwa sababu nilifundisha darasa la ubatizo kwa miaka mingi, si kwa sababu ya shule. Kazi iliyonilisha ni cherehani. Nimeshona kanzu za makasisi, majoho ya kwaya, sare za watoto, na suruali za wanaume ambao sasa nawashonea wajukuu wao. Lile neno, wasitiriwe, ndilo lililonishinda. Nilijua Bwana alipotuamuru kuwavika walio uchi hakuwa akisema habari za plastiki, lakini nilikubali.

Kazi ya viatu niliipeleka kwa mwenzangu. Tulikuwa tumekaa baraza moja nyuma ya soko kwa zaidi ya miaka thelathini, mimi na cherehani yangu, yeye na msharasi wake wa kutobolea ngozi. Anatoka Miasenyi kila asubuhi, na alikuwa hajawahi kuchelewa isipokuwa kwa msiba. Tulibatizwa siku moja. Nilipooa, alisimama upande wangu. Nilipomzika mwanangu, alishika jeneza upande wa mbele. Si mtu wa maombi marefu. Kanisani alikuja hasa siku nilizohubiri mimi, na tukitoka nje ananiambia, "Leo, Mwalimu, umedanganya mahali pawili." Mimi namuuliza ni wapi, naye anakataa kusema.

Lazima nieleze habari ya koti la mwanangu kabla sijaendelea.

Mwanangu alilima Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Mahindi yakikomaa ndovu hushuka, na watu hulazimika kulinda mashamba, na baridi ya mlima ule si ya mchezo. Nilinunua drili, kitambaa kizito cha pamba, cha kijani, nikamshonea koti. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mfuko wa kifuani niliuweka upande wa kulia, ili mkono wake uufikie moja kwa moja anapotafuta tochi. Pembe moja ya chini niliikata mshazari, tochi iegemee isicheze. Alilivaa koti hilo mpaka jua likalichubua mabegani. Kisha figo zikamsumbua, akaugua, akafa, nasi tukamzika pale pale Makwasinyi.

Kwetu sisi Wadawida, baada ya mazishi hutengwa siku ya kugawa nguo za marehemu. Wazee wa ukoo waliketi, wakataja shati moja moja na mtu wa kulichukua, na lilipofika koti wakanigeukia mimi. Kwa haki lilikuwa la mtoto wa ndugu yangu. Nikasimama nikasema nataka lichukuliwe na mwenzangu wa kazi, niwe naliona likiingia barazani asubuhi. Hakuna aliyepinga. Mwenzangu alipiga goti kidogo, maana ni mrefu, nami nikamvika kwa mikono yangu. Miezi ya baridi alilivaa, mwaka baada ya mwaka. Baadaye nikaona halivai sana. Alisema linambana. Sikuuliza zaidi, mtu hunenepa.

Basi tukaanza kazi ya bibi. Naweza kusema kwamba wiki zile zilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia katika umri wangu. Koti dogo namna ile huwezi kulipitisha kwenye cherehani, mshono unakuwa mkubwa kama ngazi. Nilishona yote kwa mkono, kwa sindano nyembamba niliyokuwa nikiipoteza kutwa. Upindo hauwezi kukunjwa mara mbili, koti litavimba. Kwa hiyo nilipaka ukingo maji mazito ya wali, yakikauka nyuzi hazifumuki. Kola niliigeuza kwa njiti ya kiberiti. Mwenzangu alichonga vijiguu vya mti vya kuundia viatu, akakata buti kutoka kwenye mkoba wa ngozi uliozeeka, soli akatumia mpira wa tyubu ya baiskeli, na kamba za viatu zilikuwa uzi aliouvuta juu ya nta. Buti kuukuu zilizokuwa bado zima alizilegeza kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuzivua, la sivyo mguu ungekatika kifundoni.

"Mwalimu, hiyo suruali ni ya nani? Ya panya?"

"Ya panya, ndiyo. Na hizo buti zako ni za mende?"

"Za mende mkubwa. Mende wa cheo."

Watu wa sokoni walisimama kututazama, wazee wawili wanaovisha midoli, wakacheka, nasi tukacheka nao.

Kilichotutatiza ni kitambaa. Koti la kwanza nililikata kutoka drili mpya, nikaichemsha kwa majani ya chai ili ififie. Bibi alilitazama kwa adabu, kisha akasema, "Huyu umemvika bendera." Alisema kweli. Chai hutia umanjano. Haiwezi kuigiza kazi ya jua la miaka. Nilizunguka kwa wauza mitumba wa Voi nisipate kijani kile.

"Niachie mimi," mwenzangu akasema. "Kuna mama wa mitumba kule Miasenyi. Kwake hukosi nguo iliyochoka."

Baada ya siku chache akaja na vipande vilivyofuliwa na kupigwa pasi, vyembamba kama mikanda. Ilikuwa ndiyo rangi yenyewe, kijani kilichochubuka, kitambaa laini lakini bado kina nguvu. Niliinua mikono palepale barazani nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa kutuonyesha njia hata katika jambo dogo kama lile. Mwenzangu aliinamia buti yake. Nilidhani anaomba pamoja nami.

Nilishona koti baada ya koti. Vipande vilipoisha alileta vingine, vyembamba vilevile. Nilikuwa nikiimba nyimbo za kanisani huku nikishona, na siku moja nilimwambia kitambaa hiki kina tabia njema, sindano inaingia kama inaenda nyumbani. Alitia nta kwenye uzi wake. Lilibaki koti la askari wa mwisho, na safari hii kipande alicholeta kilikuwa kipana kidogo. Nadhani vile vya kukata mikanda vilikuwa vimemwishia.

Ilikuwa alasiri. Nilikitandaza juu ya ubao, nikashika kipande cha sabuni ya kuchorea, na nilipokigeuza kuelekea kwenye mwanga nikaona umbo. Palikuwa na mraba wa kijani kibichi, kibichi kama siku kitambaa kilipotoka dukani, kwa sababu hapo jua halikuwahi kufika. Pembe moja ya chini ilikuwa ya mshazari. Kuzunguka umbo lile palikuwa na vitundu vya sindano, mistari miwili, na juu, penye pembe, vile vipembetatu vya uzi ninavyopiga kuimarisha mfuko. Mkono wangu naujua. Nikaweka kiganja juu ya mahali pale.

"Fundi," nikamwita. "Hiki kitambaa kimetoka wapi?"

Alikuwa akivuta uzi kwa meno. "Si nilikwambia? Kwa mama wa mitumba."

"Mama gani?"

"Mwalimu, mama wa mitumba ni mama wa mitumba."

Niliinuka nikakiweka gotini pake, juu ya ile buti ndogo, umbo la mfuko likimtazama. Alikiangalia bila kukigusa. Kisha akauchomeka msharasi ndani ya nta, akasema, "Koti lilikuwa langu."

"Sijasema halikuwa lako."

"Ulinipa mbele ya watu."

"Nilikupa uvae."

"Nimevaa! Nimevaa mpaka nikachoka. Kila nikiingia hapa na lile koti, ulikuwa hunisalimu mimi. Macho yako yanakwenda kifuani, kwenye mfuko. Unausalimu mfuko. Miaka yote hiyo, Mwalimu, mimi nilikuwa msumari wa kutundikia."

Mama mmoja akafika kuuliza ndala zake. "Kesho, mama," akamwambia, bila kuondoa macho kwangu. Yule mama alitutazama sote wawili, akaenda zake bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ungenirudishia," nikasema.

Alianza kuzungusha uzi kidoleni.

"Ungesema tu, 'Mwalimu, shika koti lako, limenichosha.' Ningelipokea."

"Ungenuna."

"Ningenuna wiki moja."

"Wewe? Wiki moja?" Na uso wake ukaanza kucheka, na wangu, kwa mazoea ya miaka, ukataka kumfuata. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote. Niliona jinsi ambavyo angeweza kunirudisha kwenye mzaha, tuendelee, na kipande kile kikatwe kama vingine.

Nimeulizwa, hata na watu wa nyumbani mwangu, kama naona uchungu kwa sababu ya mkasi. La. Koti ni nguo, na nguo ina mwisho wake. Na yale aliyoyasema kuhusu msumari, nimeyafikiria sana, na huenda yana kweli. Lakini alilikata nyumbani kwake kimyakimya, akalifua ikatoka harufu yoyote iliyokuwa imebaki, akanitilia mikononi vipande vipande na kuvipa jina la mitumba. Alikaa hatua mbili kutoka kwangu akanitazama nikilipitishia mkasi tena. Aliniacha nimshukuru Mungu.

Siku ileile nilikibeba kichwa cha cherehani nyumbani. Askari niliwamalizia sebuleni kwangu, kola na vifungo, kwa sababu bibi hakuwa amenikosea. Wa mwisho sikumshonea koti. Niliwapeleka wote wanane dukani ndani ya kapu, wamefungwa taulo, na nikamweleza bibi kilichotokea, kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua ameweka nini kabatini mwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ufunguo wa kabati. "Nawavua sasa hivi, Mwalimu. Chukua nguo ya mwanao. Mie hawa wamekaa uchi miaka, hawatakufa leo."

Nilimzuia. Ukiwavua kwa hasira watavunjika mikono, nikamwambia, na hata nikifumua mishono yote, sitapata koti, nitapata vitambaa vyembamba vyenye vitundu. Alisimama na ufunguo mkononi, akamtazama yule wa mwisho, aliyekuwa na fulana na suruali na buti nzuri mno. Buti za wote wanane zilikuwa nzuri. Niliona vigumu kuzitazama kwa sababu zilikuwa nzuri.

"Basi huyu atabaki hivi," bibi akasema. "Wakiniuliza koti lake liko wapi, nitawaambia liko kwa babake."

Kipande chenye umbo la mfuko nilikiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Kipo hapo mpaka leo.

Miezi iliyofuata nilijua ni kitu gani kilichokuwa hatarini, na hakikuwa baraza wala kazi. Kwa miaka mingi nilikaa mbele ya watu wanaojitayarisha kubatizwa nikawaeleza sala ya Bwana, neno kwa neno, na tulipofika penye kusamehe nilikuwa nikiwasimamisha pale, siwaruhusu waendelee mpaka kila mmoja amfikirie mtu. Sasa ilikuwa zamu yangu kusimama, na sikuweza kuendelea. Asubuhi nikisali, nikifika hapo sauti inashuka yenyewe, nanong'ona. Siku za meza ya Bwana nilibaki kwenye benchi langu. Kasisi wetu, kijana mwenye busara, aliniona na hakusema kitu. Nashukuru kwa ukimya wake. Namshukuru Mungu pia kwamba hakunipiga wala hakuniacha, alinivumilia tu nikiwa nimekwama.

Jumamosi moja mwenzangu akapiga hodi nyumbani kwangu. Alikuwa amebeba kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani.

"Karibu, Fundi."

"Mjukuu wangu amelazwa," akasema kabla hajaketi. "Homa haishuki."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Tangu juzi." Akaweka kikombe mezani, akaondoa kisahani. Yalikuwa maji. "Nimekuja utase."

Msomaji asiye Mdawida huenda asijue neno hili. Wazee wetu waliamini kwamba hasira ya mtu mzima ikikaa kifuani hutoka na kuwaangukia watoto wa yule aliyemkosea. Basi mwenye hasira hupiga funda la maji, au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama mvua nyembamba huku akitamka heri, na akimaliza uchungu umetoka. Huko ndiko kutasa. Mimi nilisimama kanisani mara nyingi kufundisha kwamba aliyebatizwa hahitaji kikombe, anahitaji toba. Nimewahi kuwarudisha watu mlangoni na vikombe vyao.

"Unajua msimamo wangu," nikamwambia.

"Naujua. Nilikusikia ukiuhubiri. Hapo ni mahali pamojawapo ulipodanganya."

Hatimaye alikuwa amenionyesha uongo wangu mmoja. Sikucheka.

"Umekuja kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya koti?"

"Ya mtoto."

"Na koti?"

Alitazama mlango. "Habari ya koti nilishasema. Lilikuwa langu."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mtoto yule nilimwombea siku ya ubatizo wake, nilimshonea gauni la kwanza la shule. Na sasa babu yake alikuwa ameketi kwenye kiti changu akiamini kwamba kifuani mwangu kuna kitu kinachoweza kumuua. Hakuja kuniomba radhi. Alikuja kuwakinga watu wake dhidi yangu, kama mtu anavyoweka uzio kwa ajili ya ndovu. Kuvunjwa moyo kwa mara ya pili kulikuwa kuzito kuliko kwa mara ya kwanza.

Lakini mtoto alikuwa mgonjwa. Nilijiuliza Bwana angetaka nimpe mtu huyu somo la katekisimu saa ile, na sikudhani hivyo. Nikachukua kikombe. Nikapiga funda, nikalipuliza kuelekea kizingitini. "Mtoto apone. Homa ishuke. Ale, alale, arudi shuleni." Nikapiga la pili. "Nyumba yake yote iwe salama, na wazazi wake wapate nguvu." Kila neno nilikuwa namaanisha, na nililisema kwa jina la Yesu, wazee wapende wasipende.

Funda la tatu ni la mtu mwenyewe. Hapo unasema moyo wangu kwako ni mweupe. Nikalichukua kinywani. Mwenzangu aliinamisha kichwa akingoja. Alikuwa amevaa jaketi jipya la mitumba, la buluu, lenye zipu. Maji yakapata joto mdomoni mwangu. Nikameza.

Aliona koo likipanda na kushuka. "Umemeza."

"Nimemeza."

"Basi bado."

"Kwa mtoto hakuna deni, nimemaliza, nenda ukalale. Kwako wewe bado. Ulishanifanya nimshukuru Mungu juu ya uongo, Fundi. Sitarudia kwa ajili ya kukuridhisha."

Nilimpa nafasi ya kuomba radhi, namjua, maneno yake huja taratibu. Kisha akachukua kisahani, akakiweka mfukoni. "Kikombe nikiache?"

"Kiache."

Mtoto alipona, Mungu asifiwe, na wauguzi wabarikiwe. Nilimwona akipita na mkoba wake wa shule akaniamkia kama zamani, nikamwitikia kama zamani. Babu yake bado hufika barazani kila asubuhi, na upande wangu wa baraza hajaweka mtu mwingine wala kitu chake. Jumamosi akipita nyumbani kwangu anasimama nje ya ua bila kuingia.

"Mwalimu! Bado?"

"Bado."

"Haya."

Na anaendelea na safari yake. Hajasema lile neno la radhi, nami silisemi kwa niaba yake. Kikombe chake kiko dirishani. Maji nayabadilisha kila asubuhi, maana vumbi la Voi haliachi kitu kilicho wazi, na sitaki siku ya funda la tatu ikifika nikute matope.